Mchanga kwenye kitumbua cha Sumedang

Tarehe 11 Julai 2023 Rais Joko Widodo wa Indonesia alizindua barabara ya kulipia iitwayo Cisumdawu, Java Magharibi. Jina hilo limeungwa kwa vipande vya majina matatu ya mahali: Cileunyi, Sumedang na Dawuan. Ni barabara ya kilomita zipatazo 62, ina handaki la mita 472 lililotobolewa mlimani, na ujenzi wake ulichukua zaidi ya miaka kumi. Safari ya kutoka Bandung, mji mkuu wa jimbo hilo, hadi uwanja wa ndege wa Kertajati, ambayo zamani iliwala watu saa mbili tatu kwenye kona za milimani, ikawa ya kama saa moja. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema barabara hiyo haikuhitajika.

Ila bondeni, kando ya barabara ya zamani, kuna watu waliokuwa wakiishi kwa kukaanga tofu. Magari yalipohamia juu, wao walibaki na makarai yao ya moto na masinia yaliyojaa. Kitumbua chao kilikuwa kimeingia mchanga, na nataka nichambue ni mchanga wa aina gani, maana maelezo yaliyozoeleka, kwamba barabara mpya imeua biashara, yanaishia nusu ya njia.

Kwanza tofu yenyewe. Waindonesia huiita tahu, na hii ya Sumedang ina sifa yake kote Java. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, yakakamuliwa, yakakatwa vipande vidogo vya mraba, kisha vikatumbukizwa kwenye mafuta mengi ya moto mpaka ngozi ikawa ya kahawia na kukunjamana kidogo. Ukikibana kipande kwa vidole viwili unasikia kimepasuka. Ndani ni nyeupe, laini, na sehemu kubwa ni uwazi mtupu. Huuzwa kwenye kikapu cha mianzi kinachoitwa bongsang, kimetandikwa jani la mgomba, na kando hutupiwa pilipili kichaa mbichi za kijani. Unang'ata tofu, unang'ata pilipili, unarudi kwenye tofu. Mwenye njaa ya kweli huongeza lontong, yaani wali uliofungwa ndani ya jani la mgomba ukachemshwa hadi ukashikana na kukatwa kwa kisu.

Utengenezaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndiko kesi yote ilikojificha. Soya hulowekwa saa kadhaa, husagwa na maji, huchemshwa, huchujwa kwa kitambaa. Machicha hayatupwi. Hulishwa mifugo, au huoteshwa ukungu yakawa oncom, mboga ambayo Msunda, mwenyeji wa Java Magharibi, hachoki nayo. Maziwa yaliyochujwa sasa yanataka kitu cha kuyashikisha. Watengenezaji wengi wa tofu duniani hutumia madini, kama vile jasi au chumvi ya magnesi. Sumedang wanatumia maji ya tofu ya jana: yale yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda la jana, yakaachwa yalale mpaka yakachacha. Ni kama mama anavyobakiza mtindi kidogo kwenye kibuyu ili ushike maziwa ya leo. Kila siku inazaliwa na iliyotangulia, na fundi anayeacha kazi wiki nzima hukuta ndoo yake imekufa, ikambidi aende kwa jirani kuomba mbegu.

Ganda linaloshikwa kwa uchachu huo hutoka laini, lenye maji mengi. Likiingia mafutani, maji hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea, huku nje ngozi ikikakamaa. Kinachobaki katikati ni ule uwazi. Wazee wa kazi husifu maji ya chemchemi za Mlima Tampomas, na sibishani na mtu juu ya maji ya kwao. Binafsi nasadiki zaidi ile ndoo ya jana.

Sasa, tofu hii ina adui mmoja, nao ni mvuke wake wenyewe. Ifunge ikiwa ya moto kwenye mfuko wa plastiki, na baada ya muda mfupi ngozi imelegea kama kitambaa kilicholoa. Bongsang imesukwa kwa matundu makusudi, ili mvuke upate njia. Kikapu hicho watalii hukipiga picha kwa uzuri wake, na mafundi wanajua ni kifaa cha kazi. Hata hivyo kinaongeza muda kidogo tu. Tofu ya Sumedang iliyofika nyumbani ikiwa baridi bado inalika, lakini si ile iliyokufanya usimame. Kwa hiyo anayeikaanga hawezi kuipeleka sokoni ikamsubiri mnunuzi. Inambidi mnunuzi aje mwenyewe hadi kwenye karai, aje akiwa na njaa, na aje mfululizo ili mafuta yasikae bure. Biashara ya namna hiyo inawezekana mahali pachache sana, na mmoja wapo ni kando ya barabara kuu yenye kona nyingi.

Historia inakubaliana na hilo, hata pale inapodanganya. Inasimuliwa kwamba mhamiaji wa Kichina, Ong Kino, ndiye aliyeanza kutengeneza tofu Sumedang mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba mwanawe, Ong Bung Keng, aliishika kazi hiyo mwaka 1917. Duka lenye jina la Bung Keng lipo mjini hadi leo. Kisha inakuja hadithi ambayo kila mwongoza watalii huipenda: mwaka 1928 mtawala wa Sumedang, Pangeran Soeriaatmadja, alikuwa akipita na gari lake la farasi, akasikia harufu ya tofu ikikaangwa, akasimama, akaonja, akasifu na kutabiri kwamba itapata wateja. Tatizo ni kwamba mtawala huyo aliachia madaraka mwaka 1919, akafariki mwaka 1921 akiwa Makka, na ndiyo sababu watu wa kwao humwita Pangeran Mekah. Mtu hanusi tofu miaka saba baada ya kuzikwa. Ama mwaka umekosewa, ama aliyepita alikuwa mwingine.

Ila angalia hadithi inavyosema. Aliyeitangaza tofu hii hakuwa mpishi wa ikulu wala mfanyabiashara aliyeibeba kuipeleka mbali. Ni mpita njia. Hata katika ngano yao wenyewe, tofu ya Sumedang inaanza siku mtu anaposimamisha safari.

Na njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko tofu. Kuanzia mwaka 1808 gavana wa Kiholanzi, Herman Willem Daendels, alilazimisha watu wa Java kujenga barabara ya posta ya kilomita kama 1,000 kutoka Anyer hadi Panarukan. Sehemu moja ngumu kuliko nyingi ilikuwa hapa Sumedang, kwenye mwamba unaoitwa sasa Cadas Pangeran, ambako watu walikufa wakichonga jiwe. Kando ya barabara limesimama sanamu la Pangeran Kornel, mtawala wa wakati ule, akimpa Daendels mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye mpini wa jambia lake. Wanahistoria wanabishana kama tukio hilo lilitokea kweli. Watu wa Sumedang hawabishani.

Barabara hiyohiyo ndiyo iliyokuja kubeba mabasi na malori kati ya Bandung na Cirebon, mji wa pwani. Sumedang ipo kama kilomita 45 kutoka Bandung, mahali ambapo dereva ameshachoka na kona, breki zinanuka, na mtoto wa kiti cha nyuma ameshaanza kulalamika tumbo. Hapo ndipo vibanda vilipojipanga, na moshi ukifanya kazi ya bango la tangazo. Wakati wa mudik, ile safari kubwa ya kurudi nyumbani kwa ajili ya Idi, magari yalikuwa yakisimama kabisa, na wachuuzi wakipita madirishani na vikapu. Foleni waliyoilaani madereva ndiyo iliyolipa karo ya watoto wa wakaangaji.

Tukifika mwaka 2023, basi, tusidhani Cisumdawu iliwakuta watu hawa wakiwa na afya njema. Mwaka 2020 na tena Mei 2021 serikali ilipiga marufuku mudik kwa sababu ya korona, na misimu ya Idi ikapita mikavu. Halafu ikaja soya. Indonesia inakula tofu na tempe kila siku, lakini soya yake nyingi huagizwa nje, hasa Marekani, kwa hiyo bei ya kikapu cha Sumedang inaamuliwa na mvua za nchi ambayo mkaangaji hajawahi kuiona. Mwanzoni mwa Januari 2021, na tena kuanzia tarehe 21 hadi 23 Februari 2022, watengenezaji wa tofu na tempe katika sehemu nyingi za Java waliweka kazi chini kupinga bei hiyo. Na kabla hawajapumua, mafuta ya kupikia yakaadimika. Nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya mawese ilishuhudia watu wake wakipanga foleni kununua lita mbili, mpaka serikali ikazuia kuyauza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022. Anayekaanga tofu alibanwa pande mbili kwa mwaka mmoja, soya na mafuta. Wengi walifanya kile ambacho mwenye andazi wa kwetu anakijua vizuri: bei ikabaki palepale, kipande kikasinyaa.

Katikati ya hayo barabara mpya ilikuwa ikifunguliwa kidogokidogo. Kipande cha Cileunyi hadi Pamulihan kilifunguliwa Januari 2022, vya kufika Cimalaka vikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo, na cha mwisho Julai 2023. Mpangilio huu una maana kwa mchambuzi. Hasara haikuja siku moja. Kila kipande kilipofunguka kiliruka safu nyingine ya vibanda, na kila safu ilipata miezi kadhaa ya kujidanganya kwamba yaliyowakuta wa nyuma hayatawafikia wao.

Ukimsikiliza mtu wa kawaida atakwambia: kama tofu ni tamu hivyo, si watu watatoka tu kwenye barabara ya kulipia waje kuinunua? Jiweke kwenye kiti cha dereva. Unakwenda kasi, kiyoyozi kimewashwa, simu inasema zimebaki dakika arobaini. Ili ununue kikapu cha tofu inabidi utoke kwenye mlango wa Sumedang, ulipe tozo, ushuke mjini, utafute maegesho, usubiri zikaangwe, kisha urudi getini uanze upya. Kwa jambo uliloamua nyumbani utafanya hivyo. Kwa hamu iliyokujia njiani hutafanya. Na hamu ya tofu ya Sumedang, kwa wateja walio wengi, ilikuwa ya njiani. Haikupangwa. Ilizaliwa pale macho yalipoona moshi na mguu ukawa tayari juu ya breki. Barabara mpya haikubadili ladha ya kitu chochote. Iliondoa ule muda mfupi ambao mtu hushawishika.

Ndiyo maana walioumia hawakuumia sawa, na hapa taarifa nyingi huwaweka wote chungu kimoja. Duka la mjini lenye jina, ambalo mtu wa Jakarta ameshalipanga kabla hajatoka nyumbani, liko karibu na mlango wa kutokea barabara ya kulipia na linaweza hata kumpata mgeni ambaye zamani aliogopa zile saa za kona. Kibanda cha Cadas Pangeran kisicho na jina zaidi ya maandishi TAHU SUMEDANG kwa rangi nyekundu hakina mteja wa kukipanga. Mteja wake alikuwa yeyote aliyepita. Vyombo vya habari vya Java Magharibi vimeandika sana juu ya vibanda hivyo, mauzo yaliyoporomoka, wafanyakazi walioambiwa wapumzike na milango iliyofungwa moja kwa moja.

Tena jina lenyewe halikuwasaidia. Maandishi hayohayo ya Tahu Sumedang utayakuta kwenye mikokoteni ya Jakarta, Surabaya na kila mji mkubwa. Mtu wa Jakarta aliyetamani tofu ya Sumedang hana haja ya kwenda Sumedang, hata kama anachokula hakikushikwa kwa ndoo ya jana. Umaarufu umeenea, na wakaangaji wa kando ya barabara hawakuachiwa chochote mkononi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Juni 2015 barabara ya kulipia ya Cikopo hadi Palimanan, kilomita 116, ilifunguliwa kaskazini mwa jimbo hilohilo, na mikahawa ya barabara ya pwani, Subang hadi Indramayu, ikaanza kuhesabu viti vitupu. Sumedang walikuwa na miaka minane ya kulitazama jambo hilo kwa jirani. Wakenya nao wanaijua sura hiyo: tangu treni ya SGR ianze kukimbia mwaka 2017, wenye hoteli wa Mtito Andei, kwenye barabara ya Nairobi hadi Mombasa, wamelalamika kwamba mabasi si yale ya zamani. Huko hata hivyo mabasi bado yanapita mbele ya mlango. Sumedang magari yaliinuliwa yakawekwa mlimani.

Dawa inayopendekezwa kila mara ni kuwapa wakaangaji nafasi kwenye vituo vya kupumzikia vya barabara ya kulipia. Sheria ipo: kanuni ya serikali ya mwaka 2021 inataka angalau asilimia 30 ya eneo la biashara kwenye vituo hivyo itengwe kwa wafanyabiashara wadogo. Ni haki, na waidai. Ila nina shaka nayo kama tiba. Vibanda mia haviingii katika kituo kimoja, kwa hiyo atakayepata ni yule ambaye tayari ana mtaji na anajua kujaza fomu. Isitoshe, kazi hii ina mabirika ya kulowekea, vitambaa vya kuchujia, maji yanayonuka uchachu na meko yenye moshi. Kituo kitataka tofu iliyotengenezwa kwingine ikaletwa kukaangwa pale. Inawezekana, lakini atakayekaanga hapo atakuwa mwajiriwa wa mtu mwingine, na ndoo ya jana itakuwa ya mtu mwingine.

Kuna majirani wawili wa tofu hii ambao nawaona wana la kufundisha kuliko kanuni. Wa kwanza ni kiazi kitamu cha Cilembu, kijiji kilichoko Pamulihan, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Sumedang. Kikiokwa hutoa utomvu mtamu kama asali, na kilikuwa kikiuzwa kwenye vibanda vya barabara ileile. Lakini kiazi kibichi kinavumilia. Kinapakiwa, kinasafirishwa, kinaokwa mbele ya duka la Jakarta, na bado ni cha Cilembu. Barabara ikihama, kiazi kinaihama nayo.

Wa pili ni tahu bulat, tofu ya duara kutoka upande wa Tasikmalaya. Huyo hakusubiri mtu asimame. Alipanda nyuma ya pikapu na karai lake, akafunga kipaza sauti, akaingia mitaani akitangaza kwamba inakaangwa papo hapo, kwa rupia mia tano. Sauti ile ilipata umaarufu kiasi kwamba mwaka 2016 ukatengenezwa mchezo wa simu wenye jina hilo. Kwa ulimi wangu tahu bulat haifiki hata magotini kwa ya Sumedang. Lakini iligundua jambo ambalo Sumedang haikulazimika kulifikiria kwa miaka mia: kama tofu haiwezi kumsubiri mlaji, karai linaweza kumfuata.

Ningekuwa na kibanda Cadas Pangeran ningesahau kabisa magari yaliyopanda juu. Yale hayarudi. Ningefunga nusu ya vibanda vya familia, nikaweka karai moja karibu na mlango wa kutokea mjini kwa wanaokuja wamepanga, na nyingine kwenye gurudumu kuelekea Jatinangor, ambako kuna vyuo vikuu na maelfu ya wanafunzi wenye njaa ya saa nne usiku. Ningeuza pia tofu nyeupe, mbichi, kwa anayetaka kwenda kukaanga kwake, ingawa moyo ungeniuma nikijua atakachopata jikoni kwake hakitapasuka vile.

Halafu kuna jambo moja ambalo mazungumzo ya anguko huwa yanalisahau. Pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara za kulipia za Indonesia, isipokuwa sehemu chache mno kama ile inayovuka bahari huko Bali. Kwa hiyo pikipiki zote kati ya Bandung na Cirebon bado zinazunguka mwamba wa Cadas Pangeran, mbele ya sanamu la mkono wa kushoto. Zimo pia lori ambazo wenyewe hawataki kulipa tozo, na mabasi madogo ya abiria wa vijijini. Wakati wa Idi pikipiki hizo huwa nyingi mno, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati, na mzigo umefungwa kwa mpira.

Ni mteja tofauti. Mwenye gari alinunua vikapu vitano vya kupelekea ndugu. Wa pikipiki ananunua vipande kumi na lontong moja, anakula amekaa kwenye ubao na helmeti iko mapajani, na anaomba pilipili za ziada kwa sababu ni za bure. Faida yake ni ndogo na anataka kivuli, maji na choo kuliko maegesho. Vibanda vilivyobaki vimejengwa kwa ajili ya mwenzake aliyepanda juu: uwanja mpana wa changarawe, bango la kusomeka ukiwa kwenye usukani. Wa pikipiki akimaliza kula anaomba kikapu kidogo cha njiani, anakitundika kwenye ndoano chini ya usukani wa pikipiki, na anapokata kona ya kwanza upepo unapita kwenye matundu ya bongsang, mvuke unatoka, ngozi inabaki kavu.